Uzoefu wangu: kupita na boti kwenye malango ya Mfereji wa Rideau, Kanada

Waswahili wenzangu mlioko huku Kanada mnaoulizia pa kwenda na familia kiangazi, kodini boti mpite Mfereji wa Rideau, ule wa kilomita 202 unaotoka Ottawa mpaka Kingston, na nendeni hasa kwa ajili ya yale malango ya maji, yaani vyumba vyenye mageti vinavyopandisha au kushusha boti pale usawa wa maji unapobadilika. Karibu yote mpaka leo yanafunguliwa kwa mkono, yaani vijana wa Parks Canada (shirika la serikali la hifadhi) wanazungusha winchi za chuma vilevile kama ilivyokuwa mfereji ulipofunguliwa mwaka 1832!

Inavyokuwa ni hivi, ukifika unaegesha kwenye mstari wa bluu, hapo wanajua unataka kupita. Geti likifunguka unaingia kwenye chumba cha kuta za mawe, unapitisha kamba yako kwenye nyaya zilizoning'inia ukutani ila usifunge fundo hata kidogo, maana maji yakishuka boti itabaki imening'inia, halafu unazima injini. Geti la nyuma likishafungwa wanafungua vilango vya chini, maji yanaingia au yanatoka yenyewe bila pampu yoyote. Mageti ni ya mbao na yanakutana kwa pembe kuelekea maji ya juu, kwa hiyo maji yanavyozidi kusukuma ndo yanazidi kubana. Wanangu hawakutaka kuondoka pale jamani.

Smiths Falls ni tofauti, kuna lango moja kubwa la umeme la miaka ya 1970 lililochukua nafasi ya matatu ya zamani. Unapita fasta ila ile raha haipo.

Kama huna hela ya boti nenda tu Ottawa mjini, kati ya Bunge na hoteli ya Château Laurier kuna malango 8 yanafuatana kama ngazi mpaka Mto Ottawa, boti inashuka kama mita 24 na inachukua kama saa moja na nusu, na kuangalia ni bure.

Kitu kimoja kiliniuma. Inakadiriwa watu kama 1,000 walikufa wakati wa ujenzi, wengi kwa malaria, ndiyo, malaria, huku kwenye barafu! Wengi walikuwa vibarua wa Ireland na Wafaransa wa Kanada, wakichimba kwenye vinamasi. Anayesifiwa kila kona ni Kanali John By aliyesimamia kazi, hao vibarua nao wanastahili kutajwa kwa nguvu zaidi.

Upande wa boti, kampuni iliyotukodisha ilitupa maelezo ya haraka haraka na kamba moja ilikuwa imechakaa, kwa hiyo kagueni kamba kabla hamjaondoka. Wikiendi foleni ni ndefu, nendeni katikati ya wiki. Na msisubiri sana, ikifika katikati ya Oktoba wanafunga mpaka Mei.