Pakti ya ORS na zinki: dawa haina neno, kipimo ndicho kinachoponza

Mtoto akianza kuharisha na kutapika saa nane za usiku, hakuna kitu kabatini chenye kazi kubwa kuliko hii pakti ndogo ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Tunayoizungumzia ni ile ya gramu 20.5, isiyo ladha au ya chungwa, pamoja na vidonge vya zinki vya miligramu 20.

Ndani ya pakti mna glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitreti ya sodiamu 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Glukosi haikutiwa kwa ajili ya utamu. Utumbo huipokea ikiwa imeshikana na chumvi, na maji hufuata nyuma. Kwa hiyo anayeongeza sukari ya jikoni ili mtoto anywe anaharibu: sukari ikizidi huyavuta maji yarudi tumboni, na choo kinazidi kuwa maji. Ukikutana na pakti ya gramu 27.9, hiyo ni ya fomula kongwe. Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la watoto (UNICEF) walitangaza hii nyepesi ya gramu 20.5 mwaka 2002.

Tatizo letu na pakti hii ni moja: huchanganywa na maji lita moja kamili. Nyumba ngapi zina chombo cha kupimia lita? Jagi la plastiki halisemi kitu. Njia rahisi ni chupa mbili za maji za nusu lita, zijazwe, zimiminwe kwenye chombo safi, ndipo unga wote uingie. Pakti nzima kwenye chupa moja ya nusu lita ni chumvi maradufu, na chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto yaweza kuleta hata degedege. Chupa kubwa ya lita moja na nusu nayo inaifanya dawa kuwa dhaifu. Usigawe unga nusu kwa kukisia. Soma pakti pia, maana zipo za mililita 200. Maji ya bomba au ya kisima yachemshwe kwanza, yapoe, ndiyo uchanganye. Ukishachanganya usichemshe tena. Baada ya saa 24, mwaga.

Kunywesha nako kuna kazi yake. Aliye chini ya miaka miwili apewe kijiko cha chai kila dakika moja au mbili, si chupa ya kunyonya: akiwa na kiu ataigugumia yote, kisha aitapike yote. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Kila akiharisha apate mililita 50 hadi 100. Aliyetimiza miwili, 100 hadi 200. Maziwa ya mama yasikatwe hata kidogo. Dafu si baya, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo halikai mahali pa ORS. Soda ndiyo kabisa, isiguswe.

Zinki ni kidonge kimoja kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Chini ya miezi sita ni nusu kidonge. Kinayeyuka ndani ya kijiko cha maji au maziwa ya mama. Ladha yake ni ya chuma na watoto huitema, hapo hatuna la kuisifia. Tangu 2019 ORS na zinki zimo pamoja, katika kifurushi kimoja, kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Ukikiona cha namna hiyo, chukua hicho.

Unyevu wa masika hugandisha unga. Ukiwa na mabonge lakini unayeyuka na maji ni meupe, unafaa. Ukigeuka kahawia, tupa. Bonyeza pakti kabla ya kulipa, yenye tundu rudisha.

Pakti haimtoshi mtoto aliyelegea asiyeamka vizuri, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye damu chooni, macho yaliyozama, au ambaye ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo, na kijiko kiendelee njiani akiwa bado anameza. Walio visiwani kama Tumbatu, Kojani au Fundo huko Zanzibar, ambako lazima kwanza mashua ipatikane, wasiwe na pakti chini ya nne ndani.