Mgeni wa muda au mkazi wa kudumu: Ujerumani na Kanada

Ujerumani Magharibi ilihitaji mikono ya kazi, ikatia saini mikataba na Italia mwaka 1955 na Uturuki mwaka 1961. Nia ilikuwa mtu aje, afanye kazi kiwandani, kisha arudi kwao. Mwaka 1964 Mreno Armando Rodrigues de Sá, mfanyakazi mgeni wa milioni moja kuingia nchini, alipokewa kwa shangwe kwenye stesheni ya Köln-Deutz na kuzawadiwa pikipiki. Viwanda vilinufaika sana. Lakini nani angehangaika kumfundisha Kijerumani mtu anayetarajiwa kuondoka? Uajiri ulisitishwa mwaka 1973. Wengi wakabaki, wakaleta familia. Watoto wao waliozaliwa palepale hawakupata uraia wa kuzaliwa mpaka sheria mpya ya mwaka 2000. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kanada ilianza mwaka 1967 mfumo wa kuchagua wahamiaji kwa alama: elimu, lugha, umri, ujuzi. Anayefaulu hupewa ukaazi wa kudumu, na akishaishi humo miaka mitatu anaweza kuomba uraia. Kasoro ipo: baadhi ya madaktari huishia kuendesha teksi kwa kuwa vyeti vyao havitambuliwi. Hata hivyo naupendelea mfumo huu, maana anayejua atabaki hujifunza lugha, hununua nyumba, hufungua biashara.