Deki ya sebuleni: ipi uibebe, ipi uiache dukani

Ukienda Kariakoo kununua deki, kabla hujauliza bei, omba igeuzwe uone mgongo wake. Kwa mbele zote ni ndugu: mlango wa diski, vitufe viwili, tundu la fleshi. Mambo yote yako nyuma. Huko ndiko utakakojua kama itaelewana na TV na sabufa yako, au kesho utarudi kutafuta kifaa kingine cha kuzipatanisha.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Sabufa nyingi majumbani ni za waya nyekundu na nyeupe. Deki ya Blu-ray (diski zenye picha kali kuliko DVD) iliyotengenezwa kuanzia 2014 haina tena tundu la njano la picha. Wenye mfumo wa kulinda filamu zisinakiliwe waliweka sharti hilo. Picha inatoka kwa HDMI peke yake, waya mmoja unaobeba picha na sauti, na kwa deki nyingi sauti inatoka kwa HDMI au tundu moja la koaksia, la sauti ya dijitali, lisiloelewana na waya nyekundu na nyeupe. Kwa hiyo ukiwa na TV ya chogo, Blu-ray mpya haikufai hata ukipewa bure. Ukiwa na TV bapa na sabufa ya zamani, chomeka HDMI kwenye TV, kisha toa sauti kutoka tundu la hedifoni la TV hiyo kwenda kwenye sabufa. Waya wake unauzwa kila kona.

Namba moja kwangu ni familia ya Sony BDP: S1700, S3700 na S6700. Watu wakisikia Blu-ray hudhani wamefungwa kununua diski za Blu-ray. Hapana. Deki hizi zinacheza DVD zako zilezile, CD za muziki na fleshi, na siku mgeni akija na Blu-ray halisi utaona tofauti kwa macho: DVD ya huku kwetu ina mistari 576 ya picha, Blu-ray ina 1080. S1700 haina Wi-Fi, S3700 inayo, S6700 inaongeza Bluetooth na kukuza picha hadi 4K, ngazi iliyo juu ya 1080. Kama TV yako tayari inaingia intaneti, chukua S1700 na ubaki na chenji yako; huna haja ya kulipia YouTube mara mbili. S6700 ni ya mwenye hedifoni za Bluetooth anayetazama wakati watoto wamelala. Jambo jingine ninalozipendea hizi ndogo: zinatumia adapta ya volti 12, na mwenye sola anajua hilo lina maana gani.

Kasoro yake ni fleshi. Filamu nyingi zinazosambazwa sasa zimebanwa kwa H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, na Blu-ray nyingi za 1080 hukwama hapo: unapata sauti bila picha, au hupati kitu.

Namba mbili, na najua wapenzi wa picha watanicheka, ni DVD ya kawaida ya Kichina. Ina tundu la njano, nyekundu na nyeupe, inacheza VCD za harusi ya dada yako na lundo la filamu za kutafsiriwa, na nyingi hazina kufuli la ukanda, lile linalokataa diski za sehemu nyingine ya dunia. Kwa nyumba ya wazazi kijijini hiyo ndiyo deki. Jicho lake la kusomea diski likifa baada ya miaka miwili hutalia sana.

Nimetaja kufuli la ukanda. DVD za Tanzania na Kenya ni ukanda namba 5, za Ulaya na Ghuba namba 2, za Marekani namba 1. Kwa Blu-ray, Afrika tuko herufi B pamoja na Ulaya, Marekani ni A. Diski za 4K hazina ukanda. Hili, pamoja na la umeme, nilijifunza kwa uchungu: binamu yangu alinitumia deki kutoka Marekani, nzuri kabisa, sanduku halijafunguliwa. Nyuma iliandikwa 120V, yaani umeme wa kwao, nami sikusoma. Niliichomeka ukutani, ikatoa mlio mdogo kama mtu anayebana chafya, kisha harufu ya plastiki ikajaa sebule. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. Na hata ingepona, DVD zangu za ukanda 5 isingezisoma. Tafuta kibandiko kinachosema 100-240V, kwenye deki au kwenye adapta.

Namba tatu ni Sony UBP-X700, ya diski za 4K. Marekani ilitoka ikiuzwa dola 200 hivi, wakati S3700 ilikuwa chini ya 100. Inasoma H.265 na ina HDMI mbili: moja ya picha, ya pili ya sauti tu, kwa ajili ya amplifaya ya zamani isiyopitisha 4K. Ukiinunua, ingia kwenye menyu uwashe Dolby Vision (mfumo wa kuboresha mwanga na rangi) kwa mkono, maana haijiwashi. Nimeishusha hadi tatu kwa sababu diski za 4K kwetu ni za kuagiza, na kwenye TV ya inchi 43 ukikaa mbali huoni faida yake.

PlayStation iliyotumika ina watu wake. PS5 yenye mlango wa diski inacheza 4K. PS4 haichezi 4K, hata ile Pro. Zote mbili hazipigi CD ya muziki. PS3 inapiga, na kwa Blu-ray bado ni mashine, ila feni yake inataka kuongea wakati mwigizaji ananong'ona.

Panasonic DP-UB820 ni bora kuliko zote hizi kwa picha, na ina matundu ya sauti ya 7.1, yaani ya spika nane, kwa amplifaya za zamani. Ilitoka ikiuzwa dola 500 hivi. Kama huna projekta, iache. Oppo UDP-203 nayo usiifukuzie. Kampuni iliacha kutengeneza deki 2018, na wanaoziuza wanajua hilo wanapopanga bei.

Siku ya kununua, nenda na diski yako yenye mikwaruzo kuliko zote, VCD moja, na fleshi yenye filamu ya H.265. Muuzaji akikuwekea diski yake mpya inayong'aa, mshukuru, kisha mpe yako. Iache icheze dakika kumi, usikilize kama inakwaruza. Halafu dai rimoti iwashwe mbele yako: mbele ya deki hizi za Sony kuna kuwasha na kutoa diski tu, na bila rimoti hutaweza hata kusimamisha filamu ukapokee simu.