Chokaa au simiti? Tathmini ya vifaa vya kujengea katikati ya mji wa Lamu

Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa kale wa Lamu, ghorofa zinapanda. Hapa chumba cha bloku kimewekwa juu ya nyumba ya mawe, pale dari ya boriti imeng'olewa ikamwagwa slabu, kule kiwanda cha nyumba (ua wa ndani ulio wazi juu) kimezibwa ili ipatikane nafasi ya vyumba vya wageni. Punda wanapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na mifuko ya simiti mchana kutwa. Wenye nyumba wengi hununua kwa kuangalia bei na kasi ya kazi peke yake, na gharama ya kweli huja kuonekana masika yakishapita mara mbili tatu. Tathmini hii inapima vifaa vyenyewe. Uamuzi tunautanguliza: kwa nyumba ya zamani nunua chokaa, hata kama fundi wako anakuharakisha. Kwa kiwanja kitupu simiti inafaa, mradi ifuate masharti ya pwani. Kuvipachika viwili hivi kwenye ukuta mmoja ni kuuharibu ukuta.

Ukuta wa nyumba ya mawe una unene wa sentimita 45 hadi 50, matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chini hauna chochote cha kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda yakiwa na chumvi, na chokaa huyaachia yatoke nje taratibu, hewa ikayakausha. Ukipaka plasta ya simiti umeziba njia hiyo. Unyevu utapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, na chumvi itaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa kitu kitupu, plasta imeshaachana na mawe. Ikidondoka hudondoka pande zima, na nyuma yake imebeba tabaka la matumbawe. Hapo mwenye nyumba humlaumu fundi na kuagiza simiti zaidi, na mara ya pili plasta hubomoka na mawe mengi kuliko ya kwanza.

Kutibu ukuta wa namna hiyo, bandua simiti yote hadi mita 1 juu ya alama ya unyevu. Acha ukuta wazi wiki kadhaa ukauke. Chumvi nyeupe inayojitokeza ifagiliwe kavu kwa brashi na itolewe nje kabisa, isioshwe, kwa sababu maji huirudisha ndani ya mawe. Baada ya hapo ndipo chokaa iingie.

Chokaa yenyewe inapatikana ya aina mbili. Ya tanuri, iliyochomwa kwa matumbawe na kuni, ndiyo bora, ila kila mchomo una sura yake: vipande visivyoiva huchanganyika na vilivyoiva. Ichekeche kwa wavu mwembamba baada ya kuizima kwa maji, kisha iloweke kwenye pipa, maji yakiwa juu yake daima. Wiki tatu ndiyo kima cha chini, miezi mitatu ni bora zaidi. Ukikosa subira, chembe ambazo hazijazimika zitaendelea kuzimika ndani ya ukuta na kuutoa vipele vinavyopasuka kimoja kimoja. Ya mfuko, ya kiwandani, ni safi na haina vipande, lakini tatizo lake ni umri. Mfuko uliokaa dukani kwenye hewa hii ya bahari hunyonya hewa na kurudi kuwa unga wa mawe usioshika kitu. Kipimo ni rahisi: weka kijiko kimoja kwenye kisahani na udondoshee siki. Ikitoa povu jingi, imeshakufa, mrudishie mwenye duka. Na hiyo nzima nayo iloweke walau siku moja kabla ya kuitumia.

Mchanganyiko ni kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa kwa vitatu vya mchanga mkali usio na chumvi. Kwa ukuta wa mita 10 za mraba na tabaka mbili, andaa madebe manne hadi matano ya chokaa na madebe 12 hadi 15 ya mchanga. Ukuta uloweshwe kwanza, vinginevyo matumbawe yatanyonya maji yote na plasta itakuwa vumbi. Kila tabaka isizidi milimita 12. Ukitaka kufunika shimo refu, lijaze kwa vipande vya matumbawe na chokaa, usilijaze kwa plasta nene, maana itapasuka. Wakati wa kaskazi tundika magunia yaliyolowa maji mbele ya ukuta unaopigwa na jua na unyunyize maji asubuhi na jioni, siku saba. Chokaa haikauki kama rangi: hushika kwa kunyonya hewa ya kaboni, na bila unyevu haiwezi kufanya hivyo. Fundi atakayekwambia anaongeza kikopo cha simiti "ishike haraka" mkatalie. Mwisho ni kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukikauka ndipo ufuate mwingine.

Kasoro ya chokaa ni muda. Ukuta ambao simiti ingeumaliza kwa siku tatu, chokaa itautaka wiki mbili, na mafundi wanaoijua vizuri si wengi. Hata hivyo hatuoni mbadala. Atakaye kuona kazi yake aende kwenye Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, aangalie kuta zilivyo.

Boriti. Chagua za unene wa sentimita 11 hadi 13, mkoko au muia (aina nyingine ya mkoko), zilizonyooka, zilizomenywa maganda na kukauka kivulini. Urefu wake ndio uliovifanya vyumba vya nyumba za Lamu kuwa virefu na vyembamba, karibu mita 2.5 hadi 2.8 za upana. Fundi akikuahidi chumba cha mita 4 kwa boriti bila mhimili wa kati, hajui anachosema. Boriti huoza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, na chanzo karibu kila mara ni maji yanayovuja kutoka kwenye sakafu ya juu. Chokoa ncha kwa bisibisi kabla ya kuamua kung'oa dari nzima. Mara nyingi boriti mbovu ni mbili tatu, nazo hubadilishwa peke yake.

Simiti sasa. Ubora wake hatuukatai: slabu inakupa chumba kipana, choo kisichovuja, na ngazi imara. Hitilafu iko kwenye ghorofa mpya juu ya kuta za zamani. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba, nayo ni kabla ya kuta za bloku, fanicha na watu. Sakafu ya zamani ya mawe na chokaa nayo ni nzito, kwa hivyo kubadilisha moja kwa nyingine si balaa kubwa. Balaa ni kuongeza ghorofa ya tatu au ya nne juu ya ukuta ambao haukujengewa kuibeba. Ufa wa kwanza hutokea juu ya mlango au kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), mahali ambapo ukuta ni mwembamba, na kwa kuwa nyumba za Mkomani zimeegemeana, wa jirani hupasuka pia. Ukitaka kwenda juu lazima nguzo zishuke hadi kwenye msingi wa peke yake.

Kwa kiwanja kitupu, Langoni au Gadeni, angalia mambo haya kabla hujamlipa mtu. Kwa slabu na nguzo nunua simiti ya daraja la nguvu la 42.5, ya 32.5 iache kwa kujengea na plasta. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole umeshalowa njiani, ukatae. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima yenye chumvi visiingie kwenye zege yenye vyuma. Yaonje maji, ulimi hauongopi. Chumvi ikifika kwenye chuma kitaota kutu, kutu itavimba, na zege itapasuka kutoka ndani. Ndiyo maana kifuniko cha zege juu ya vyuma kiwe milimita 40 hadi 50. Kile cha milimita 20 kinachozoeleka bara hakitoshi hapa. Mwagilia slabu siku saba kamili. Mafundi huacha siku ya tatu, na hiyo ndiyo kasoro tunayoiona kuliko zote.

Na mchanga wa vilima vya Shela usiuguse hata ukiletewa kwa bei ya chini. Vilima hivyo ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu ya mji mzima.

Mawe ya kuchonga ya Manda, kisiwa cha jirani, tunayapendelea kuliko bloku: yanakaa na chokaa vizuri na nyumba haiwi joto. Hayalingani vipimo, kwa hivyo chokaa ya kuungia hutumika zaidi. Bloku za mitaani tofauti zake ni kubwa mno. Iangushe moja kutoka kiunoni kwenye mchanga. Ikivunjika, zote ziache.

Juu ya nyumba, makuti yana baridi nzuri yakiwa na mwinamo wa nyuzi 45, lakini moto ukishika paa moja hapa huruka hadi la pili. Mabati huliwa na hewa ya bahari, hasa kwenye matundu ya misumari. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5: liweke penye kona ya kuta nene, kamwe si katikati ya boriti.

Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na Mkomani huwezi kubomoa wala kuongeza ghorofa bila kibali. Peleka mchoro kwenye ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho na kwa kaunti kabla ya kununua hata mfuko mmoja, ukionyesha urefu wa jengo, madirisha yanayotazama usitani (njiani), na kiwanda kitakavyobaki wazi. Chokaa yako nayo iloweke siku hiyo hiyo unayopeleka mchoro. Kibali kitakapotoka itakuwa imeiva.