Kitabu ya komedia bila chini: uzoefu wangu na muuzaji wa Birere

Bon, niandike mbele hasira haijapoa. Kama uko Goma na unapenda vile vitabu vya wachekeshaji wa Marekani, vile vinajifanya vinakufundisha maisha (namna ya kutajirika, namna ya kuoa, namna ya kuamka saa kumi ya usiku) kumbe vinawacheka wale wenye kuandika hiyo mashauri kweli kweli, usinunue fotokopi mu Birere. Usinunue. Ao nunua, lakini kwanza angalia chini ya ukurasa.

Mi nilichukua moja ya Kifaransa, kava nzuri, dola tano. Nafika nyumbani Majengo, umeme hakuna, nasomea na tochi ya simu. Ukurasa wa kwanza, sicheki. Wa kumi, sicheki. Jamaa anashauri tu: usiombe mtu samahani, kila asubuhi simama mbele ya kioo ujiite boss mpaka majirani wasikie. Utasema ni pasta wa redio. Lakini kila shauri iko na kanamba kadogo, 1, 2, 3, na kule chini hamna kitu. Ukisogeza tochi karibu njo unaona vichwa vya herufi, nusu nusu, mashine imepita juu yake. Sasa hii aina ya kitabu, pale juu mtu anakushauri bila kucheka, halafu chini kwa herufi ndogo njo anajiumbua, kwamba yeye mwenyewe alijaribu hiyo na bibi yake akafunga mizigo. Kicheko yote iko chini! Na wameikata, sijui ili karatasi itoshe!

Nikarudisha. Yule papa muuzaji hata hakuifungua. “Dada, hizo za chini ni za maprofesa, wewe soma pa herufi kubwa.” Namuambia papa, hii ni ya mchekeshaji, umeniuzia mashauri yake bila mzaha yake. Akanitolea Steve Harvey. Eti yule naye si mchekeshaji? Kitabu yake ya 2009 ya kufundisha wanawake, si watu waliifuata mpaka ikatoka filamu 2012? Kweli papa, lakini yule hakuwa anatania! Alitumika zamani ku Ford, kule mtu mupya alikuwa anangoja siku 90 njo apate faida za kazi, basi akasema na mwanamke naye amungojeshe mwanaume siku 90 mbele ya kulala naye. Mi hapo ningecheka, yeye alikuwa anashauri kabisa. Huyu wangu anaandika vile vile halafu chini anaivunja, sasa ukishatoa chini nani atawatofautisha?

Nikaomba franga yangu. Mzee akanitumbulia macho, kimyaa, midomo inahesabu, kisha akasema polepole: “Asante kwa kuniletea nguvu yako.” Eh! Hiyo naijua, ni shapita ya ine ya kile kitabu, namna ya kumujibu mtu mwenye analalamika! Kumbe ameisoma, yeye pia bila chini, na anaishi nayo! Watu wa chukudu, ile pikipiki ya mbao ya kusukumia mizigo, wamesimama wanatuangalia, mi sijui nilie ao nicheke. Franga hakurudisha.

Nampa nyota moja. Basi mbili, sababu niseme tu ukweli, tantine wangu mwenye kuuza maharagi ku soko ya Virunga aliniibia hiyo kitabu, sasa haombi tena mtu samahani, na bale bateja wenye walikuwa wanamuzungusha na madeni wameanza kulipa. Anasema ni kitabu ya maana kushinda zote na sijamuambia kitu. Tatu? Hapana, mbili, ile tabia ya yule papa bado inaniuma.

Ila ukurasa wa 61, pale anaeleza namna ya kuomba deni kwa baba mkwe, kanamba ka 9. Mwenye iko na kitabu nzima anitumie picha ya chini. Tafazali, sijalala.