Kaggle kwa anayetafuta ajira katika sayansi ya data: tathmini ya mtumiaji kutoka Mwanza

Nimeitumia Kaggle, jukwaa la mtandaoni la kujifunza na kushindana katika sayansi ya data, karibu kila wiki kwa muda wa miaka miwili na nusu, kwanza nikiwa karani wa takwimu katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, na sasa nikiwa mchambuzi wa data katika shirika linalofuatilia miradi ya maji vijijini. Namwandikia tathmini hii kijana ambaye kila siku anaambiwa ajifunze akili mnemba, lakini hakuna anayemwambia aanzie wapi wala fedha yake kidogo aitumie kwa jambo gani. Kabla ya Kaggle nililipia kozi ya jioni ya miezi mitatu katika chuo kimoja cha binafsi ambacho sitakitaja. Tulionyeshwa slaidi, tukanakili maelezo, na kwa muda wote huo sikufungua hata faili moja la data kwa mikono yangu. Ada ile ilikuwa akiba yangu ya mwaka mzima, na tangu wakati huo kila huduma ya mafunzo naipima kwanza kwa kigezo kimoja: mwanafunzi anaigusa kazi yenyewe lini?

Kwenye Kaggle anaigusa siku ya kwanza. Huduma hii ilianzishwa mwaka 2010 na Anthony Goldbloom huko Melbourne, Australia, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Google. Msingi wake ni mashindano: taasisi au kampuni huweka data pamoja na swali, washiriki hutuma majibu yaliyotolewa na modeli zao, yaani programu zinazojifunza kutoka kwenye data ili kutabiri, na ubao wa matokeo huwapanga kwa usahihi. Kando ya mashindano kuna hazina kubwa ya data ambayo yeyote anaweza kuitumia, kuna kozi fupi, na kuna kile wanachokiita daftari, yaani ukurasa wa kuandikia msimbo wa lugha ya kompyuta ya Python na kuuendesha papo hapo ndani ya kivinjari. Hulipii chochote, hata cheti cha kozi.

Jambo lililonisaidia zaidi ya yote ni kwamba kompyuta inayofanya kazi si yako. Mpakato wangu ulikuwa wa mtumba, wenye RAM ya GB 4, na usingeweza kufundisha modeli yoyote ya maana, ilhali Kaggle humpa kila mtumiaji aliyethibitisha namba yake ya simu takribani saa 30 kwa wiki za kutumia kompyuta zenye GPU, yaani vichakataji vyenye nguvu vinavyoharakisha kufundisha modeli. Ukichagua kuhifadhi daftari lako na kuliendesha lote kuanzia mwanzo, kazi huendelea kwenye mitambo yao hata ukifunga mpakato. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika saa mbili usiku bila taarifa, hilo si jambo dogo. Mara nyingi nimeanzisha kazi, taa zikazimika, nikalala, na asubuhi nikayakuta matokeo yakinisubiri. Gharama iliyobaki ni bando, nayo si kubwa maadamu data inabaki kwao na wewe hupakui mafaili mazito kwenye mashine yako.

Kozi zenyewe ni fupi. Ya Python wameikadiria saa tano, na ya utangulizi wa kujifunza kwa mashine saa tatu, ingawa mimi ya pili ilinichukua jioni za wiki mbili kwa sababu kila zoezi nililirudia mpaka nilipoelewa kwa nini jibu langu la kwanza lilikuwa na kosa. Ndani ya kozi hiyo kuna somo ambalo nadhani lina thamani kuliko miezi mitatu niliyoilipia. Unapewa bei za nyumba za Melbourne, unajenga mti wa maamuzi, yaani modeli inayouliza swali moja baada ya jingine hadi ifikie jibu, kisha unaupima kwa nyumba zilezile ulizoufundishia. Wastani wa kosa unatoka kama dola 500 kwa nyumba, nawe unaamini umefaulu. Halafu unaambiwa utenge sehemu ya nyumba ambazo mti haujawahi kuziona, uupime upya, na kosa linaruka hadi zaidi ya dola 250,000, wakati wastani wa bei ya nyumba hizo ni takribani dola milioni 1.1. Mti haukuwa umejifunza chochote kuhusu nyumba, ulikuwa umekariri.

Somo haliishii hapo. Unabadilisha idadi ya majani ya mti, yaani makundi ya mwisho ambamo nyumba hugawanywa, na kuandika kosa la kila mara: majani 5 yanatoa kosa la 347,380, majani 50 yanatoa 258,171, majani 500 yanatoa 243,495, na majani 5,000 yanarudisha kosa juu hadi 254,983. Nilizinakili namba hizo nne kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza yangu, na bado ipo. Anayezielewa ameshika kiini cha kazi hii: modeli ikiwa sahili mno haioni mambo yaliyopo, na ikiwa tata mno huona mambo yasiyokuwepo. Nimekutana na watu wenye shahada wanaoijua kanuni hiyo kwa maneno lakini hawajawahi kuiona ikitokea mbele yao.

Baada ya kozi, wengi huelekezwa kwenye shindano la mazoezi la Titanic, ambalo halina zawadi wala medali. Unapewa orodha ya abiria 891 pamoja na habari ya nani alipona na nani alikufa, kisha unatabiri hatima ya wengine 418. Kanuni rahisi kabisa, kwamba wanawake wote walipona na wanaume wote walikufa, inapata alama 0.76555, yaani watu 320 kati ya 418. Modeli ya miti ya maamuzi 100 inayofundishwa katika mwongozo wa shindano hilo, ambayo inazingatia pia daraja la safari na idadi ya ndugu waliosafiri pamoja, inapata 0.77511. Ukipiga hesabu utaona kwamba miti yote 100 imeongeza watu wanne tu. Kazini nimelikumbuka jambo hilo kila ninapoletewa modeli ya kifahari ambayo haijalinganishwa na kanuni ya kawaida ambayo hata karani angeiandika kwa sentensi moja.

Hata hivyo, hapo Titanic ndipo nilipoanza kuuona upungufu wa Kaggle, nao ni upungufu ninaoutazama kama mtu wa Mwanza. Katika orodha ile, umri wa abiria 177 haupo. Mwongozo mwingi wa wanaoanza unakuelekeza uzibe mapengo hayo kwa wastani na uendelee. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tumeishi na habari za MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Orodha ya meli hiyo ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili, wakati abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hao hawakukosekana kwenye karatasi kwa bahati. Walikosekana kwa sababu tiketi yao ilikuwa ya bei ndogo. Tangu nilipoyaweka mambo hayo mawili pamoja sijaweza kuliziba pengo lolote kwenye data kabla ya kuuliza ni nani aliyepaswa kuandikwa hapo na kwa nini hakuandikwa. Kaggle haikunifundisha swali hilo, na nionavyo mimi, ndilo swali linalomtofautisha mchambuzi na mtu anayejua kuendesha msimbo.

Lawama hiyo nisiitie chumvi, kwa sababu palepale Kaggle upo mfano mzuri wa data iliyokusanywa kwa uangalifu na watu wa ukanda wetu. Kati ya Novemba 2020 na Februari 2021 maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere iliendesha shindano la kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Picha zaidi ya 21,000 zilipatikana kutoka Uganda, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani, kisha wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya nchi hiyo wakishirikiana na maabara hiyo wakaeleza kila picha inaonyesha nini: jani lisilo na ugonjwa, au mojawapo ya magonjwa manne, yakiwemo batobato na michirizi ya kahawia ambayo mkulima yeyote wa Kanda ya Ziwa anayafahamu. Timu zaidi ya 3,000 kutoka pande zote za dunia zilishiriki, na zilizoongoza zilifikia usahihi wa takribani asilimia 91.

Shindano hilo limefungwa lakini data na daftari za washiriki zingali wazi, na ningemshauri yeyote aliyeshamaliza kozi atumie mwezi mzima humo. Mimi nilianza kwa kuzitazama picha mia mbili moja baada ya nyingine kabla ya kuandika msimbo wowote. Nikaona vidole vya mtu aliyeshika jani, nikaona kivuli cha mpigapicha, nikaona majani ambayo hata mimi niliyelima muhogo utotoni nisingeweza kuyatolea kauli. Kisha nikahesabu na kukuta kwamba takribani asilimia 61 ya picha ni za batobato, maana yake modeli inayojibu batobato kila mara, bila kutazama chochote, tayari ina asilimia 61. Ukishajua hilo, ile asilimia 91 unaisoma kwa macho mengine.

Upungufu mwingine nitautaja kwa ufupi. Masomo ni ya Kiingereza, na kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne huku Kiingereza chake kikiwa cha kuungaunga, hicho ni kizuizi cha kweli. Mdogo wangu alikwama kwenye maelezo ya zoezi, si kwenye hesabu. Cheti cha Kaggle hakisimamiwi na mtihani, kwa hiyo anayejifunza asitarajie mwajiri atakipa uzito mkubwa. Ubao wa matokeo nao unaweza kupotosha: kwenye Titanic wapo wenye alama kamili ya 1.0, na si kwa sababu ya modeli bora, bali kwa kuwa majina ya waliopona yanajulikana hadharani tangu zamani. Na katika mashindano yenye fedha, watu hutumia wiki nzima wakigombea tofauti iliyo kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta, kazi ambayo kwangu haijawahi kuhitajika hata siku moja.

Lakini upungufu mkubwa ni huu: swali huja limeshaulizwa, na kipimo cha jibu kimeshachaguliwa. Kazini hakuna anayekuletea hivyo. Anakuja mhandisi na daftari lenye matope, lahajedwali tatu zisizokubaliana, na sentensi kwamba visima vya wilaya fulani vinasumbua. Ndiyo maana nawashauri wanaojifunza wasiishie Kaggle, bali waongeze angalau kazi moja ya data ya nyumbani, na ninayoipendekeza ni ile ya vituo vya maji vya Tanzania, iliyotokana na kumbukumbu za Wizara ya Maji na kuwekwa kwenye jukwaa la DrivenData kwa ajili ya shindano. Ina vituo 59,400 vya kufundishia modeli, na kazi ni kutabiri kipi kinatoa maji, kipi kinatoa lakini kinahitaji matengenezo, na kipi kimekufa.

Data hiyo ina mitego ambayo mwongozo wowote hautakuonyesha kama huijui nchi. Zaidi ya theluthi moja ya vituo vina mwaka wa ujenzi ulioandikwa 0, na sufuri hizo hazikusambaa ovyo. Zimerundikana katika mikoa fulani, ikiwemo Kagera na Mbeya. Longitudo nazo zina sufuri, na ukizichora kwenye ramani utaviona visima vya Mwanza na Shinyanga vikiwa vimekaa katikati ya Ghuba ya Guinea. Mtu wa mbali atavifuta na kuendelea. Mimi nilitafuta jina la kata la kila kimojawapo, nikavirudisha karibu na mahali pake kwa kutumia wastani wa vituo vya jirani, na nikaandika ndani ya daftari langu la Kaggle, kwa Kiswahili, kila hatua niliyochukua na sababu yake. Mwaka 0 niliuacha kama kundi linalojitegemea, kwa kuwa mkoa ambao haukuandika mwaka hata mmoja unatueleza jambo kuhusu namna kumbukumbu zilivyotunzwa huko.

Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi niliyo nayo sasa, nilibeba vyeti vyangu vinne vya Kaggle ndani ya bahasha. Mama aliyeongoza jopo alivipokea, akaviweka kando, akauliza kama nina kazi yoyote ninayoweza kuwaonyesha. Nilifungua daftari la vituo vya maji. Alisogeza kiti, akaipitia ramani taratibu, akaweka kidole kwenye kata moja ya wilaya ya Magu na kuniuliza, "Hiki kisima kilikuwa baharini, wewe umejuaje kwamba ni cha hapa?" Tulizungumza juu ya kisima hicho kwa karibu nusu saa.