EclipseLink ndani ya GlassFish: nyota nne kati ya tano

Mfumo wa SACCOS ninaoutunza hapa Moshi umeandikwa kwa Java na unakaa ndani ya GlassFish, seva ya kuendeshea programu za Java. EclipseLink sikuichagua, niliikuta humo humo, maana ndiyo maktaba ya JPA (kanuni za Java za kusoma na kuandika rekodi za hifadhidata) inayokuja na seva hiyo. Nimekaa nayo miaka minne na ninaipenda. Ila nyota niliyoinyima inahusu hela za watu, kwa hiyo naanza na hiyo.

Siku moja mhasibu aliniletea marekebisho ya akiba ya mwanachama: 450,000 iwe 540,000. Nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata yetu, PostgreSQL, nikaandika UPDATE (amri ya kubadilisha rekodi), nikaangalia jedwali. 540,000, safi. Baada ya dakika kumi akanipigia: "Dada, mbona kwangu bado ni laki nne na nusu?" Nikamwambia afungue ukurasa upya. Vile vile. Atoke, aingie tena. Vile vile, na mwanachama amesimama dirishani na kitabu chake mkononi. Mpaka nilipozima seva na kuiwasha ndipo namba ikakaa sawa.

EclipseLink, usipoiambia vingine, huweka nakala za rekodi kwenye kache ya pamoja, yaani hifadhi ya haraka ya watumiaji wote, ndani ya seva. Mimi nilipita mlango wa nyuma kwa SQL, yenyewe ikawa haina habari, ikaendelea kutoa nakala ya zamani. Hibernate, maktaba nyingine ya JPA inayokuja na seva ya WildFly, haiingizi rekodi kwenye kache ya pamoja mpaka uzitie alama mwenyewe. Kwa kazi ya fedha, huo ndio mpangilio ambao ningependa kuukuta siku ya kwanza. Dawa yenyewe ni mstari mmoja: niliweka @Cacheable(false) juu ya klasi za akaunti na miamala. Orodha ya matawi na aina za mikopo nikaziacha kwenye kache, na zinafunguka upesi sana.

Mengine ni sifa tu. Aliyewahi kutumia Hibernate anaijua LazyInitializationException, hitilafu inayotokea ukiomba data ambayo haijapakiwa wakati mawasiliano na hifadhidata yameshafungwa. EclipseLink inakuletea wadhamini wa mkopo hata muamala wa hifadhidata ukishafungwa, mradi bado uko ndani ya seva ile ile. Pia ndani ya GlassFish inazifuma klasi yenyewe, yaani inaziongezea msimbo wake zinapopakiwa. Ukiitumia nje ya seva, kumbuka kuiwekea ajenti ya Java ya kufanya ufumaji huo, la sivyo ile LAZY (leta data inapohitajika tu) uliyoiandika kwenye uhusiano wa mmoja kwa mmoja haifanyi kazi.

Kwa wenzangu wa TomEE, seva ya Apache: utakuta OpenJPA, maktaba ya JPA ya Apache wenyewe, au EclipseLink ukichukua toleo la Plume. Hibernate haimo, wala si kwa ubovu. Kwa miaka mingi leseni yake ilikuwa LGPL, na Apache hawafungashi programu za leseni hiyo ndani ya bidhaa zao.

Mimi sihami. Salio likikosewa siku hizi, mhasibu analirekebisha kwenye skrini ya mfumo, na UPDATE za mkono kwenye jedwali la akaunti nimezipiga marufuku, zangu zikiwa za kwanza.